Thomas Hardy
Thomas Hardy (2 Juni 1840 – 11 Januari 1928) alikuwa mwandishi wa riwaya na mshairi kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa riwaya zinazotokea Wessex, eneo alilolibuni kwa kufuata mkoa wa Dorset alikozaliwa na maeneo jirani.

Maisha

Alizaliwa katika kitongoji cha Higher Bockhampton, karibu na mji wa Dorchester. Baba yake alikuwa mwashi na mpiga fidla. Mama yake, aliyewahi kuwa mtumishi wa nyumbani, alipenda sana vitabu. Familia haikuwa na uwezo wa kumsomesha chuo kikuu, hivyo alipofika miaka 16 alianza kujifunza kazi kwa msanifu majengo wa Dorchester. Mwaka huohuo, 1856, alimwona mwanamke akinyongwa hadharani mjini humo kwa kumuua mumewe. Hakulisahau tukio hilo, na wengi huona kivuli chake mwishoni mwa Tess of the d'Urbervilles (1891).

Mwaka 1862 alikwenda London kufanya kazi, lakini alirudi nyumbani mwaka 1867 kwa sababu ya afya. Mwaka 1874 alimwoa Emma Gifford.

Wessex

Wessex ni jina la ufalme wa kale wa Waanglo-Saksoni. Hardy alilifufua katika Far from the Madding Crowd (1874). Dorchester aliiita Casterbridge, na vichaka vilivyoanzia nyuma ya nyumba ya wazazi wake vikawa Egdon Heath katika The Return of the Native (1878). Mahali pengine, kama Stonehenge, pamebaki na majina yake halisi.

Hata hivyo Wessex si shamba la amani. Reli ilifika Dorchester mwaka 1847, Hardy akiwa mtoto, na maisha ya kale yakaanza kubadilika. Katika The Mayor of Casterbridge (1886) inaingia mashine ya kupandia mbegu. Katika Tess, mashine ya mvuke ya kupura nafaka inawachosha vibarua wanawake.

Jude the Obscure (1895) inamhusu mwashi maskini anayetamani kusoma Christminster, yaani Oxford, na kukataliwa. Ilishambuliwa vikali, hasa kwa namna ilivyoeleza ndoa. Baada yake Hardy hakuandika tena riwaya mpya, akabaki na ushairi.

Alitaka kuzikwa Stinsford, parokia ya wazazi wake. Majivu yake yaliwekwa Westminster Abbey, London. Moyo wake ulizikwa Stinsford, katika kaburi la Emma.