King Gillette: Mpinga ushindani aliyetajirika kwa wembe

WEMBE mwembamba wenye makali kuwili, uliofungwa ndani ya kikaratasi, ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo mtu anaweza kuvipata karibu katika kila duka la mtaani, iwe Dar es Salaam, Mombasa, Mumbai au Cairo. Hutumika kunyolea ndevu na nywele, kukatia nyuzi na hata kuchongea penseli za wanafunzi. Ukishaisha makali, hutupwa bila majuto.

Hata hivyo, ni wachache wanaofahamu kuwa wembe huo, pamoja na mashine ndogo ya mkono inayoushika, ulitokana na hangaiko la mtu mmoja aliyekuwa mchuuzi wa vizibo vya chupa. Wachache zaidi wanajua kuwa mtu huyo, ambaye picha yake ilisambaa duniani kote, aliandika vitabu vya kupinga ushindani wa kibiashara, na kwamba mwisho wa maisha yake ushindani huohuo ndio uliomwangusha.

Huyo si mwingine bali ni King Camp Gillette, aliyezaliwa Januari 5, 1855 katika mji wa Fond du Lac, jimbo la Wisconsin, Marekani. Jina King, lenye maana ya mfalme, halikuwa cheo. Baba yake alimpa jina hilo kwa heshima ya rafiki yake aliyekuwa jaji.

Familia hiyo ilihamia Chicago, ambako baba alifanya biashara ya vifaa vya chuma huku akipenda kubuni na kutengeneza vitu vipya. Mama yake, Fanny Gillette, naye alikuwa mtu wa majaribio, ila yake yalikuwa ya jikoni. Mwaka 1887 alishiriki kuandika kitabu cha mapishi kilichoitwa White House Cook Book, ambacho kiliendelea kuchapishwa kwa miaka mingi.

Oktoba 1871, wakati King akiwa na umri wa miaka 16, moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya jiji la Chicago. Biashara ya baba yake ilikuwa miongoni mwa mali zilizoangamia. Familia ikahamia New York kuanza upya, na kijana huyo akalazimika kujitafutia riziki. Alianza katika maduka ya vifaa vya chuma, kisha akawa wakala wa mauzo aliyezunguka kutoka mji hadi mji akiwa na sampuli za bidhaa mkobani.

Kazi hiyo ilimlisha kwa miaka mingi, lakini haikumtajirisha. Aliwahi kupata hataza za vitu kadhaa alivyovibuni, na hakuna hata kimoja kilichomletea mali.

Mabadiliko yalianza mwaka 1891, alipoajiriwa na kampuni iliyokuja kujulikana kama Crown Cork & Seal ya Baltimore. Kampuni hiyo ilijengwa juu ya uvumbuzi wa William Painter, mtu aliyebuni kizibo cha bati ambacho hadi leo hufunika chupa za soda na bia. Kizibo hicho kilikuwa na sifa moja kubwa: kikishang'olewa hakina kazi tena, na mwenye kiwanda cha soda hana budi kununua kingine.

Painter alimshauri Gillette abuni kitu cha aina hiyo, yaani kitu ambacho mteja atakitumia, atakitupa na kurudi dukani kutafuta kingine. Ushauri huo ulimkaa moyoni. Inaelezwa kuwa alifikia hatua ya kupitia alfabeti herufi baada ya herufi, akiorodhesha mahitaji yote ya binadamu, bila kupata jibu.

Katika kipindi hichohicho alikuwa na fikra nyingine kubwa zaidi. Mwaka 1894 alichapisha kitabu kiitwacho The Human Drift, ambamo alidai kuwa ushindani ndio chanzo cha ufukara, uhalifu na upotevu wa nguvu za watu. Alipendekeza uzalishaji wote uwekwe chini ya kampuni moja inayomilikiwa na wananchi wenyewe. Alipendekeza pia Wamarekani walio wengi waishi katika jiji moja kubwa lenye majengo ya ghorofa, ambalo lingepata nguvu za umeme kutoka maporomoko ya Niagara. Jiji hilo halikujengwa kamwe.

Mwaka uliofuata, 1895, akiwa nyumbani kwake Brookline, karibu na Boston, alisimama mbele ya kioo asubuhi moja akakuta wembe wake umekuwa butu kiasi kwamba kuunoa kwa mkanda wa ngozi hakungefaa kitu. Ulihitaji kupelekwa kwa fundi. Hapo ndipo wazo lilipomjia.

Ili kuelewa uzito wa wazo hilo, ni vyema kukumbuka namna wanaume walivyokuwa wakinyoa. Wengi walitumia wembe mrefu wa kukunja, ambao ulipaswa kupitishwa kwenye mkanda wa ngozi kila siku na kupelekwa kwa fundi mara kwa mara. Ulihitaji mkono usiotetemeka, na kosa dogo liliacha jeraha shingoni. Asiyeweza kazi hiyo alikwenda kwa kinyozi.

Gillette hakuwa wa kwanza kutafuta usalama. Mwaka 1880 ndugu wa ukoo wa Kampfe wa New York walipata hataza ya mashine iliyoitwa Star, yenye kinga ya kuzuia makali yasizame ndani ya ngozi. Lakini wembe wake ulikuwa mnene, wa chuma kilichofuliwa, na mwenye nao aliendelea kubeba mzigo uleule wa kuunoa. Jambo jipya kwa Gillette lilikuwa kuondoa kazi ya kunoa kabisa: kipande chembamba cha chuma cha pua chenye makali pande mbili, bei nafuu, kinachotupwa kikiisha.

Kulisema jambo hilo kulikuwa rahisi kuliko kulitenda. Wafanyabiashara wa visu na wataalamu wa vyuma aliowaendea walimweleza kuwa bati la chuma jembamba kiasi hicho haliwezi kukomazwa kwa moto bila kujikunja, wala kushika makali ya kunyolea. Miaka ilipita akiwa anafanya majaribio na kuchekwa na marafiki.

Mkombozi wake alikuwa William Emery Nickerson, mhitimu wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts. Huyu ndiye aliyegundua namna ya kukomaza bati hilo likabaki limenyooka, na ndiye aliyeunda mitambo ya kunoa pande zote mbili. Bila Nickerson, jina la Gillette lingebaki katika orodha ndefu ya wabunifu waliosahaulika.

Septemba 28, 1901 kampuni iliundwa mjini Boston, na mwaka 1902 ikaitwa Gillette Safety Razor Company. Fedha ziliisha kabla bidhaa haijafika sokoni, na kampuni ikawa na deni kubwa. Aliyeiokoa ni John Joyce, tajiri wa Boston, ambaye kwa kutoa mtaji alijipatia pia sauti kubwa katika uendeshaji.

Mwaka 1903, wa kwanza wa mauzo, mashine zilizouzwa zilikuwa 51 tu na nyembe 168. Mwaka 1904 mashine zilizouzwa zilizidi 90,000. Novemba 15 mwaka huohuo Gillette alipewa hataza namba 775,134, iliyomlinda kwa miaka 17.

Mashine hiyo ilikuwa na vipande vitatu: kifuniko cha juu, sahani yenye meno kama chanuo, na mpini. Mtumiaji aliuweka wembe kati ya kifuniko na sahani, kisha akakaza mpini. Kwa kukazwa, wembe ulijipinda kidogo kama upinde, na mpindo huo ndio ulioufanya uwe imara licha ya wembamba wake. Aliyelegeza mpini kidogo, makali yalijitokeza zaidi na kukata ndevu nzito. Aliyekaza kabisa alipata unyoaji mpole.

Hapa ndipo penye hadithi inayorudiwa mara nyingi katika vyuo vya biashara, kwamba Gillette aligawa mashine bure au kwa bei ya kutupa ili apate faida kwenye nyembe. Historia inaonyesha kinyume. Mashine yake iliuzwa dola tano ikiwa na nyembe 20, na fedha hizo zilikaribia nusu ya ujira wa wiki moja wa mfanyakazi wa kawaida. Ilitengenezwa kwa shaba nyeupe iliyopakwa fedha, na zipo zilizopakwa dhahabu. Kilikuwa kifaa cha kifahari kilichokusudiwa kudumu, na bei hiyo haikushuka kwa muda wote ambao hataza ilikuwa hai.

Tajiri huyo mpya hakuacha kuupiga vita ushindani. Mwaka 1910 alisajili katika eneo la Arizona shirika aliloliita World Corporation, ambalo alitaraji lingemeza viwanda vyote duniani kwa manufaa ya watu. Alimwomba rais wa zamani wa Marekani, Theodore Roosevelt, aliongoze kwa malipo ya dola milioni moja. Roosevelt alikataa. Mwaka 1924 Gillette alichapisha kitabu kingine cha mwelekeo huo, The People's Corporation, kwa msaada wa mwandishi Upton Sinclair.

Ndani ya kampuni yake, hata hivyo, alishindwa vita. Baada ya mvutano mrefu na Joyce, mwaka 1910 aliuza sehemu kubwa ya hisa zake na kubaki rais wa jina. Sura yake yenye masharubu iliendelea kuchapishwa kwenye vikaratasi vya nyembe, na watu wa nchi za mbali waliokutana naye safarini walimtambua mara moja. Wengine walistaajabu, kwani walidhani ile ni picha tu ya kupamba bidhaa.

Vita Kuu ya Kwanza ilifanya kile ambacho matangazo yasingeweza. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, serikali iliagiza mashine milioni 3.5 na nyembe zaidi ya milioni 30 kwa ajili ya askari. Kinyago cha kujikinga na gesi ya sumu hakikai sawasawa juu ya ndevu, hivyo kunyoa kila siku lilikuwa suala la uhai. Vijana waliozoea kwenda kwa kinyozi walirudi nyumbani wakijinyoa wenyewe.

Mwaka 1921 hataza ilifikia ukomo. Kampuni ilijiandaa mapema kwa kutoa mashine mpya iliyoboreshwa kwa bei ileile ya dola tano, na ya muundo wa zamani ikashushwa hadi dola moja. Hivyo basi, mashine ya bei nafuu ililetwa na tishio la washindani. Mauzo yaliongezeka, na kila mashine mpya ilimwongeza mteja wa nyembe.

Gillette alihamia California, akanunua ardhi na kujenga nyumba kubwa huko Calabasas, iliyosanifiwa na Wallace Neff mwishoni mwa miaka ya 1920. Kisha mambo yakageuka. Soko la hisa lilianguka mwaka 1929, na thamani ya ardhi yake pamoja na hisa zake ikaporomoka.

Mwaka 1930 kampuni ililazimika kuungana na mshindani wake, AutoStrop ya Henry Gaisman, kufuatia mgogoro wa hataza kuhusu umbo la wembe. Ukaguzi wa hesabu ukabaini kuwa faida zilizotangazwa na Gillette kwa miaka kadhaa zilikuwa zimezidishwa kwa mamilioni ya dola. Gaisman na watu wake wakashika uongozi. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa wewe tia maji, lakini mzee huyu hakuwahi hata kutia maji. Alijiuzulu mwaka 1931.

Julai 9, 1932, King Camp Gillette alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 77. Utajiri wake ulikuwa umeyeyuka kwa sehemu kubwa. Alizikwa Forest Lawn, Glendale. Mwaka 2005 shamba lake la Calabasas lilinunuliwa kwa ajili ya umma, likawa hifadhi inayobeba jina lake.

Kampuni yenyewe iliugeuzia kisogo wembe wa makali kuwili mwaka 1971, ilipoanza kuuza vichwa vyenye nyembe mbili vya bei kubwa zaidi, na mwaka 2005 ikanunuliwa na Procter & Gamble. Lakini muundo wa zamani haukufa. Mashine bora zinazopendwa leo na wanaonyoa kwa burashi na povu la sabuni bado zinafuata kanuni yake. DE89 ya Edwin Jagger ya Uingereza imepakwa kromu na hunyoa kwa upole. Merkur Progress ya Ujerumani ina kitufe cha kurekebisha ukali, kazi ambayo zamani ilifanywa kwa kulegeza mpini. Feather AS-D2 ya Japani ni ya chuma kisichoshika kutu, na ni laini kuliko nyingi.

Tofauti zao ni uzito, madini na nafasi iliyoachwa kati ya makali na ngozi. Wembe zinazoutumia ni uleule, na wembe huo ulionunuliwa leo dukani unaingia bila shida katika mashine ya mwaka 1904. Gillette alitaka kuacha jiji lisilo na washindani. Alichoacha ni kipimo cha kipande cha chuma ambacho washindani wote walikikubali.