Abushiri na vita vilivyoitwa vya kukomesha utumwa

Kila dola kubwa inapopeleka jeshi katika nchi ya watu, huja na sababu nzuri mdomoni. Mwaka 2003 Wairaki waliambiwa majeshi yanakuja kuondoa silaha za maangamizi na kuleta uhuru. Silaha hizo hazikuonekana. Sisi watu wa Mwambao tuliyaona hayo zaidi ya miaka mia moja kabla, na mfano wake ni maisha ya Abushiri bin Salim Al-Harthi.

Abushiri alikuwa mwenye mashamba ya miwa Pangani. Baba yake alikuwa Mwarabu, mama yake Mgalla. Hakuwa mtu wa Sultani. Ukoo wake wa Harthi ulikuwa na uhasama wa siku nyingi na Mabusaidi wa Unguja, naye mwenyewe aliishi mbali na mkono wao.

Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said aliikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ikusanye ushuru na kutawala. Wenye nchi hawakuulizwa. Agosti mwaka huo Kampuni ilianza kazi. Bendera yake ikapandishwa, na watu wakatakiwa wathibitishe kuwa ardhi waliyorithi kwa babu zao ni yao. Pangani, katika siku za Iddi el Hajj, askari wa Kijerumani waliingia hadi msikitini wakimsaka liwali. Je, msomaji, hapo nani alimchokoza mwenzake?

Mwezi Septemba pwani yote ikawaka. Pangani aliongoza Abushiri, Saadani akaongoza Bwana Heri, na Bagamoyo ikashambuliwa. Waarabu, Waswahili na watu wa bara walisimama pamoja. Kampuni ikabakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu, tena chini ya ulinzi wa manowari.

Tatizo la Berlin lilikuwa hili: mlipa kodi wa Ujerumani angekubalije kutoa fedha kuinusuru kampuni ya wafanyabiashara iliyoharibu mambo yenyewe? Jibu likapatikana katika utumwa. Wakati huo Kardinali Lavigerie alikuwa akizunguka Ulaya kuhamasisha watu dhidi ya biashara ya watumwa. Basi uasi wa wenye nchi ukapewa jina jipya: vita vya Waarabu wauza watumwa. Desemba 1888 Ujerumani na Uingereza zikaifunga pwani kwa manowari kwa hoja hiyo, na Januari 1889 Bunge la Ujerumani likapitisha Mark milioni 2. Hermann Wissmann akaja na askari wa kukodi: Wasudani waliochukuliwa Misri, wengi wao Waislamu, na wengine kutoka Msumbiji.

Mei 8, 1889 Wissmann aliivamia ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo na kuua watu wengi. Julai, Pangani ikaangukia mikononi mwake. Abushiri alikimbilia bara, akaishambulia Mpwapwa, akarudi na wapiganaji wa Kimafiti, akashindwa tena. Mwisho alisalitiwa na wenyeji, akakabidhiwa kwa Wajerumani na kunyongwa Pangani Desemba 15, 1889.

Uadilifu unatutaka tuseme kweli hata kama inatuchoma. Abushiri alimiliki watumwa, na mashamba yake yalilimwa kwa jasho lao. Watu wake waliua wamisionari Pugu, ingawa misheni ya Bagamoyo aliiacha salama. Utumwa ulikuwa dhulma ya kweli, wala haukubuniwa na Lavigerie. Tukimfanya Abushiri malaika, tutakuwa tunamdhulumu mtumwa aliyekata miwa yake.

Lakini nia ya mvamizi hupimwa kwa anachofanya akishashinda. Je, Wajerumani walikomesha utumwa? Hawakukomesha. Waliidhibiti biashara ya kusafirisha watumwa ng'ambo, lakini kumiliki mtumwa kuliendelea kuwa halali katika koloni lao. Ilikuwa hadi 1904 ndipo walipoamuru kuwa watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922, Wajerumani walipokuwa wameshaondoka. Ambacho hakikuchelewa ni kodi ya kibanda, viboko na kazi ya shuruti katika mashamba ya pamba, hadi watu wa kusini wakainuka katika Majimaji mwaka 1905.

Kwa hiyo mtumwa, ambaye vita vilipiganwa kwa jina lake, hakupata uhuru. Aliyepata ni Kampuni, iliyookolewa, na Ujerumani, iliyopata koloni.

Hapa pana somo kwetu la pande mbili. Kwanza, tukisikia jeshi linakwenda kukomboa watu fulani, tuulize: nani atakusanya ushuru baada ya vita? Pili, tuitazame dhulma iliyomo majumbani mwetu. Mgeni mwenye tamaa hutafuta mlango, na dhulma tuliyoinyamazia ndiyo mlango anaoukuta wazi. Lau wenye pwani wangewaacha huru watumwa wao mapema, Wissmann angekosa bendera nzuri ya kujifunika. Pengine angekuja tu. Lakini angekuja uchi, na dunia ingemwona.