Rudolf Diesel: mtu aliyetupa dizeli, na injini iliyomgomea miaka minne

Ndugu msikilizaji, jina la mtu huyu unalitaja karibu kila siku, pengine bila kujua kuwa ni jina la mtu. Unalitaja kwenye kituo cha mafuta, kwenye mashine ya kusaga, na unapouliza lori linalopandisha mzigo Kasulu linakula lita ngapi. Dizeli. Mwenye jina hilo aliitwa Rudolf Diesel, mhandisi wa Ujerumani, na amefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Tumeamua kusimulia maisha yake kwa sababu ya swali ambalo wasikilizaji wetu hawaachi kuuliza. Mtu ana Land Rover ya zamani, imerithiwa au imenunuliwa kwa bei nafuu. Injini imefunguliwa hapo hapo nyumbani, chini ya mwembe, ikafanyiwa ovahoo. Ringi mpya, gaskit mpya, fedha ya mahindi imekwisha yote. Siku ya kuwasha, injini inazungushwa na stata mpaka betri inakufa, na gari haliwaki. Hapo ugomvi unaanza. Mwenye gari anamwona fundi mwizi, fundi naye anasema spea ni feki.

Diesel aliishi na tatizo la namna hiyo kwa miaka minne. Injini aliyoibuni yeye mwenyewe ilimgomea. Namna alivyoitafutia ubovu inatusaidia mpaka leo. Lipo pia jambo jingine maishani mwake ambalo hakulitafutia ubovu mapema, nalo tutalieleza.

Mtoto wa wahamiaji

Alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani waliohamia huko kutafuta maisha, na baba yake alitengeneza bidhaa za ngozi. Mwaka 1870 vita vikazuka kati ya Ufaransa na Ujerumani. Familia ikalazimika kuondoka na kukimbilia London, na kijana Rudolf, akiwa na miaka 12, akapelekwa peke yake Augsburg, Ujerumani, kuishi kwa ndugu na kusoma. Sisi wa Kibondo na Kasulu, tulioishi jirani na kambi za Nduta na Nyarugusu, hatuhitaji kuelezwa maana ya mtoto kutenganishwa na wazazi kwa sababu ya vita.

Akiwa shuleni alisema atakuwa mhandisi, akawa. Alisoma chuo cha ufundi Munich. Homa ya matumbo ilimkosesha mtihani wa mwisho, akaufanya mwaka 1880 na kufaulu vizuri sana. Mwalimu wake, Carl von Linde, ndiye aliyetengeneza mashine za kugandisha barafu, na Diesel akaajiriwa kwenye kazi hiyo hiyo.

Darasani kwa Linde alijifunza jambo ambalo halikumtoka kichwani. Mashine za mvuke, ambazo wakati ule ndizo ziliendesha viwanda, treni na meli, zilipoteza zaidi ya sehemu tisa katika kumi za joto la makaa. Kwa lugha ya nyumbani, ni kama kuchoma magunia kumi ya mkaa na kupata kazi ya gunia moja tu.

Pampu ya baiskeli

Ili uelewe alichokifikiria, chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu kwa kidole, kisha bonyeza kwa nguvu mara kadhaa. Pampu inapata joto. Hewa ikibanwa, inachemka.

Diesel aliwaza hivi: tukiibana hewa ndani ya silinda kwa nguvu kubwa mno, itakuwa na joto la mamia ya digrii. Tukinyunyiza mafuta ndani yake wakati huo, yatawaka yenyewe bila plagi wala cheche. Huo ndio mbano, ambao mafundi wetu wanauita kompresheni. Injini ya petroli inahitaji cheche, ila ya dizeli inahitaji mbano. Kama mbano haupo, hakuna moto.

Kabla ya hapo alikuwa amejaribu injini ya kutumia mvuke wa amonia. Ililipuka, ikamuumiza vibaya, akalazwa hospitali kwa miezi. Mwaka 1893 alichapisha kitabu kuhusu wazo lake jipya na kupata hataza. Kiwanda cha mashine cha Augsburg kilikubali kujenga injini ya majaribio, na kampuni ya Krupp ikachangia fedha.

Majaribio ya Augsburg

Tarehe 10 Agosti 1893 injini ya kwanza ilizungushwa kwa mkanda kutoka kwenye mashine ya kiwanda, kisha mafuta yakaingizwa. Yaliwaka kwa mlipuko. Kipimo cha shinikizo kilipasuka na vipande vikaruka. Injini haikujiendesha hata kidogo.

Mtu mwingine angesema imeshindikana. Diesel aliona jambo moja limethibitika: mafuta yanaweza kuwaka kwa mbano peke yake. Yaliyobaki ni ubovu wa kutafuta mmoja baada ya mwingine. Injini ile haikuwa na maji ya kupoza, ikabidi yawekwe. Mbano alioupanga kitabuni ulikuwa mkubwa kupita uwezo wa vyuma vya wakati ule, akaupunguza. Mafuta hayakunyunyizika vizuri, akatumia hewa iliyobanwa kuyapuliza ndani.

Tarehe 17 Februari 1894 injini ilijiendesha yenyewe kwa muda wa kama dakika moja. Inasimuliwa kwamba fundi aliyeisimamia aliona mkanda unashtuka, akatambua kuwa sasa injini ndiyo inauvuta mkanda, akavua kofia yake kimya kimya.

Dakika moja haiuzwi. Ilichukua miaka mitatu mingine. Mwezi Februari 1897 Profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima injini mpya rasmi. Ilikuwa na nguvu ya farasi wapatao 20, na iligeuza zaidi ya asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi. Hakukuwa na injini nyingine duniani iliyofikia hapo.

Tunachojifunza chini ya mwembe

Sasa turudi kwenye Land Rover yetu iliyogoma. Diesel alitafuta ubovu kwa mpangilio, akibadilisha kitu kimoja, akijaribu, akiandika. Fundi wa nyumbani anaweza kufanya vivyo hivyo.

Kwanza, kabla ya kugusa stata, izungushe injini kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili kamili. Ikigonga au ikikwama, simama hapo. Huenda alama za taimingi hazikukaa sawa, na vaa zinakutana na pistoni. Ukilazimisha kwa stata utavunja ulichokwisha kutengeneza. Hakikisha pia oili na maji vipo, na betri imejaa. Stata ikizunguka polepole, mbano hautoshi kuleta joto.

Pili, angalia mafuta. Injini iliyofunguliwa huwa na upepo kwenye mipira na mabomba yake, na dizeli yenye upepo haifiki kwenye nozeli ipasavyo. Legeza boliti ya kutolea upepo kwenye filta, pampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe, kaza. Fanya hivyo kwenye pampu ya dizeli. Mwisho legeza nati za mabomba ya nozeli, mwenzako azungushe stata, na mafuta yakitoka bila mapovu kaza tena. Usiweke kidole mbele ya nozeli inayonyunyiza. Mafuta yale yana nguvu ya kupenya ngozi, na jeraha lake ni la kukimbiza hospitali hata kama linaonekana dogo.

Tatu, tazama moshi wakati stata inazunguka. Kama hakuna moshi kabisa, mafuta hayafiki, rudi hatua ya pili. Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli maana yake mafuta yanafika lakini hayawaki: injini ni ya baridi, plagi za kupasha joto hazifanyi kazi, mbano ni hafifu au taimingi ya pampu imechelewa. Ikiwaka na kutoa moshi mweusi, mafuta ni mengi kuliko hewa, basi anza na filta ya hewa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ringi mpya zinaweza kuutoa kwa muda mpaka zizoee silinda, lakini usipokoma, kuna kazi ya kurudia.

Nne, pima mbano wa kila silinda kwa geji. Ukikuta silinda moja iko chini, tia oili kidogo ndani yake, upime tena. Mbano ukipanda, tatizo liko kwenye ringi au silinda. Usipopanda, shuku vaa, gepu zake au gaskit ya hedi. Usitie oili nyingi, kwa sababu kimiminika hakibanwi, na pistoni ikikutana nacho kingi inaweza kupinda konrodi.

Na tafadhali, gari likiwaka, liwe nje. Moshi wa injini ndani ya stoo iliyofungwa unaua bila kukupa taarifa.

Ukifuata mpangilio huo, hata ugomvi na fundi unapungua, kwa sababu mnajadili kilichopimwa. Mkiandika kwenye daftari mlichokiangalia na mlichokikuta, hakuna wa kumsingizia mwenzake.

Umaarufu na mafuta ya karanga

Baada ya mwaka 1897 Diesel alitajirika haraka. Adolphus Busch, mfanyabiashara wa bia wa Marekani, alimlipa marki milioni moja kwa haki ya kutengeneza injini hizo nchini kwake. Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Paris, injini moja ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ilikuwa ikifikiria makoloni yake ya Afrika, ambako karanga zilikuwa nyingi. Diesel mwenyewe baadaye alieleza kwamba mafuta ya mimea yangeweza kuwa na thamani kubwa siku za mbele.

Tunajua utakachowaza, msikilizaji wa mkoa wa mawese. Tunakusihi usimimine mawese kwenye tangi. Ni mazito, kwenye asubuhi za baridi huganda, na yataziba filta na nozeli. Injini za leo hazikutengenezwa kwa ajili yake.

Daftari ambalo hakulionyesha

Injini za mwanzo zilizouzwa zilikuwa na matatizo. Wateja walirudisha mashine na kudai fedha zao. Diesel alichoka mpaka akalazwa kwa maradhi ya mishipa ya fahamu, na wahandisi wa Augsburg, akiwemo Imanuel Lauster, wakaendelea kurekebisha kasoro moja moja. Injini ikapona. Kufikia mwaka 1912 meli kubwa ya Denmark iitwayo Selandia ilikuwa inavuka bahari kwa dizeli, bila tanuri la makaa.

Lakini fedha za Diesel hazikupona. Alikuwa amejenga nyumba ya kifahari Munich, akapoteza fedha kwenye ununuzi wa ardhi na kwenye kesi. Mtu aliyepima kila silinda kwa uangalifu hakuwaonyesha wa nyumbani kwake hesabu zake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli ya mvuke Dresden, bandari ya Antwerp, kwenda Uingereza kwa shughuli za kampuni ya injini zake. Alikula chakula cha usiku na wenzake, akaomba aamshwe asubuhi. Asubuhi kitanda kilikutwa hakijalaliwa. Kofia na koti lake vilikuwa juu ya meli. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Uholanzi waliona mwili baharini, wakachukua vitu vya mfukoni, na mwanawe Eugen akavitambua kuwa ni vya baba yake. Alikuwa na miaka 55. Mkewe Martha, aliyeachiwa begi na mumewe kabla ya safari, alikuta ndani yake fedha taslimu na karatasi zilizoonyesha akaunti za benki zimekauka. Wengi wanaamini alijitoa uhai, ingawa wapo waliodai aliuawa.

Alichoacha, mpaka Kigoma

Mwaka huo huo wa 1913, mjini Papenburg, Ujerumani, ilijengwa meli ya Graf von Götzen. Ililetwa vipande vipande masandukuni hadi Dar es Salaam, ikapanda reli hadi Kigoma, na kuingia ziwani mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini mafundi wao waliipaka mitambo girisi nene kwanza. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua sote, Liemba. Iliendelea kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ilipofungwa injini za dizeli. Hivyo wazo la Rudolf Diesel lilifika hata ndani ya meli iliyozaliwa mwaka aliokufa.

Basi msikilizaji, gari lako likigoma chini ya mwembe, usikate tamaa wala usimkimbilie fundi kwa matusi. Anza na hewa, mafuta na mbano, kimoja kimoja. Na kama kilichogoma ni hesabu ya nyumbani, ovahoo imemeza ada ya watoto na unaona aibu kusema, mwambie mwenzako usiku huu huu, au ndugu, au kiongozi unayemwamini. Deni likitajwa mapema, mnapata wa kusaidiana naye kulibeba.