Padri Vincent na Watoto Waliotupwa

Katika toleo hili tumeona vema kuwaletea habari za Vincent de Paul wa Ufaransa. Wapo watakaouliza mbona tunasimulia mambo ya padri Mkatoliki. Someni kwanza, ndugu.

Alizaliwa mwaka 1581 kijijini Pouy, mtoto wa wakulima, akachunga mifugo. Alipokuwa shuleni alimwonea haya baba yake, aliyechechemea na kuvaa nguo duni. Uzeeni alilikiri jambo hilo kwa majuto. Alipewa upadri mwaka 1600, na kwa miaka kadhaa alitafuta zaidi cheo chenye riziki nzuri.

Mwaka 1617, huko Châtillon, alihubiri juu ya familia moja iliyougua nyumba nzima. Waumini wakamiminika siku hiyo hiyo, kila mtu na chakula chake. Vincent akaona kasoro tunayoijua sisi wa kambini: leo chakula kinazidi hadi kuharibika, kesho hakuna kitu. Akawapanga akina mama kwa zamu. Mwaka 1633, pamoja na mjane Louise de Marillac, alianzisha Mabinti wa Upendo, masista waliowafuata wagonjwa majumbani.

Vita vya Miaka 30 vilipoharibu Lorraine, kuanzia 1639 alipeleka misaada huko. Bruda Mathieu Regnard alipitisha fedha zaidi ya mara 50 katikati ya askari na wanyang'anyi, wala hawakumpata. Wakimbizi waliofika Paris walitafutiwa malazi na chakula.

Na watoto je? Mjini Paris watoto wachanga walitupwa njiani na milangoni mwa makanisa. Wengine waliuzwa kwa ombaomba, wakavunjwa viungo ili wapita njia wawahurumie. Mwaka 1638 akina mama wa Vincent walianza na watoto 12 tu, waliochaguliwa kwa kura. Baadaye wakapokea wote. Kufikia 1647 fedha zilipungua, wakataka kuacha. Vincent hakuwagombeza. Aliwakumbusha kwamba wamekwisha kuwa mama wa watoto hao, akawataka waamue wakijua kuwa kuwaacha ni kuwahukumu kifo. Wakaendelea. Yeye alifariki tarehe 27 Septemba 1660.

Mgao ulipopunguzwa, nasi tulisikia maneno hayo hayo: mtoto asiye wa tumbo langu aondoke. Familia zinazolea watoto waliofika peke yao zibaki Jumapili baada ya ibada, tupange zamu za unga na sabuni.