Imamu Ghazali na Mizani ya Fikira

Mimi ni mtu wa pwani, lakini riziki yangu iko Saboti, karibu na Kitale, ambako hununua mahindi. Mizani yangu haina kosa. Hata hivyo, mahindi mabichi huzidi uzito kwa maji yaliyomo, ndiyo maana kwanza hupimwa unyevu, usipite asilimia 13.5. Kazi hii hunikumbusha Imamu Abu Hamid al-Ghazali.

Alizaliwa Tus, Uajemi, mwaka 450 Hijria (1058), akafiwa na baba angali mdogo. Mwaka 1091 alikuwa mudarisi wa Nidhamiya, Baghdad, mwenye cheo na wanafunzi tele. Lakini mwaka 1095 ulimi ulifunga, darsa zikamshinda. Akaacha cheo na mali, akaenda Sham, Quds na Makka. Alifariki Tus mwaka 505 Hijria (1111).

Zama zake wako walioichukia mantiki kwa kuwa ilitoka kwa Wayunani. Yeye aliiita mizani, na katika kitabu chake al-Qistas al-Mustaqim akaonyesha kuwa imo ndani ya Kurani. Chukua kisa cha Nabii Ibrahim: mwezi hutua, na Mungu hatui, basi mwezi si Mungu. Mambo mawili yakithibiti, la tatu halina budi kufuata. Tena alitenga yakini na dhana, asiruhusu moja kuvaa kanzu ya nyingine.

Wataalamu wa kompyuta nao wamepita njia hiyo. Katika miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilitunga MYCIN, programu ya kushauri madaktari juu ya maradhi ya vijidudu vya damu. Ilikuwa na kanuni kama 600: ikiwa dalili ni hizi, basi ugonjwa huenda ni huu. Kila kanuni ilipewa kipimo cha uhakika, kwani binadamu naye mara nyingi hukata shauri kwa dhana.

Leo vijana wetu huiuliza mashine habari za dawa, hata za mirathi, wakapokea jibu kama fatwa. Mimi sipingi mashine, wala Imamu hakuipinga mizani. Ila aliyeorodhesha warithi akimsahau dada mmoja, hesabu itatoka safi na dada atadhulumiwa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kusifu mizani, tazama kwanza kilichotiwa ndani yake.