Henrietta Lacks: Mgonjwa aliyeifaa dunia bila kuulizwa

HENRIETTA Lacks alipofariki Oktoba 4, 1951, katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, alikuwa na umri wa miaka 31 na mama wa watoto watano. Kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina hadi 2010.

Alizaliwa Agosti 1, 1920 mjini Roanoke, jimbo la Virginia. Mamaye alifariki 1924, naye akalelewa na babu yake huko Clover, ambako familia ilikuwa ikilima tumbaku. Mnamo 1941 aliolewa na David Lacks, na baadaye wakahamia karibu na Baltimore.

Mapema 1951 alifika katika hospitali hiyo, iliyowatibu maskini wenye asili ya Kiafrika japo katika wadi za kando, na akapatikana na saratani ya lango la uzazi. Wakati wa matibabu, daktari alikata kipande cha uvimbe huo, nacho kikapelekwa kwa mtafiti George Gey. Henrietta hakuombwa idhini wala kuarifiwa, na sheria ya wakati huo haikulazimisha hivyo.

Seli za wagonjwa wengine zilikuwa zikifa upesi maabarani. Zake ziliongezeka maradufu kila baada ya siku moja hivi. Zilipewa jina HeLa na kusambazwa kote duniani. Zilitumika katika majaribio ya chanjo ya polio ya Jonas Salk. Katika miaka ya 1980, Harald zur Hausen alipata ndani yake virusi vya HPV vinavyosababisha saratani iyo hiyo iliyomuua. Chanjo dhidi ya virusi hivyo ilianza kutolewa kwa wasichana wa Kenya katika mpango wa kitaifa Oktoba 2019.

Huku kampuni zikiuza seli hizo, familia yake iliishi zaidi ya miaka 20 bila habari. Hata watafiti walipowatoa watoto wake damu katika miaka ya 1970, hawakuelezwa ipasavyo sababu yake.

Mnamo Machi 2013, wanasayansi nchini Ujerumani walichapisha taarifa za jeni za HeLa, na hivyo kuanika siri za kizazi chake. Familia ililalamika, na taarifa hizo zikaondolewa.

Ikumbukwe kwamba jamaa hao hawakudai utafiti ukomeshwe, walitaka kushirikishwa. Agosti mwaka huo, Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani zilikubali kwamba maombi ya kutumia taarifa hizo yapitie kwa kamati ambayo wawili wa familia ni wanachama.

Shirika la Afya Duniani lilimtunuku Henrietta mnamo 2021, miaka 70 baada ya kifo chake. Hata hivyo, heshima kubwa zaidi ni ile nafasi ya wajukuu wake kusema ndiyo au la, nafasi ambayo yeye mwenyewe hakupewa.