Lewis Fry Richardson, mtu aliyewaza watu 64,000 wakihesabu hali ya hewa

Mvua zinapokaribia, mkulima wa kahawa Mbinga na mvuvi wa Mbamba Bay hutega sikio redioni wasikie utabiri. Utabiri huo hutokana na hesabu, na mtu aliyefungua njia hiyo alianza kwa kukosea vibaya. Leo tunamtazama Lewis Fry Richardson.

Alizaliwa Newcastle, Uingereza, tarehe 11 Oktoba 1881, katika familia ya Waquaker, Wakristo wanaopinga vita. Alisoma Cambridge, na mwaka 1913 akaajiriwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza, akasimamia kituo cha Eskdalemuir, Scotland. Aliamini kwamba ukiwa na vipimo vya hewa ya leo, kanuni za fizikia zitakupa hewa ya kesho.

Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto alikataa kushika silaha. Mwaka 1916 aliacha kazi, akaenda Ufaransa kuendesha gari la wagonjwa. Huko, kati ya zamu na zamu, alipiga hesabu zake kwa mkono. Alichukua vipimo vya tarehe 20 Mei 1910, siku iliyokwisha kupita, ili aweze kulinganisha jibu lake na yaliyotokea kweli. Utabiri wa saa 6 ulimchukua wiki 6 hivi. Jibu likasema mgandamizo wa hewa ungepanda kwa hektopaskali 145, wakati siku yenyewe haukubadilika karibu kabisa. Mwaka 1917 muswada wake ulipotea vitani, ukaja kuokotwa Ubelgiji chini ya rundo la makaa ya mawe.

Hakuficha kosa lake. Mwaka 1922 alilichapisha kitabuni kama lilivyo. Baadaye wataalamu waligundua kwamba njia yake ilikuwa sawa, ila vipimo vya kuanzia vilihitaji kusawazishwa kwanza. Katika kitabu hicho aliwaza ukumbi wa duara wenye watu 64,000, kila mmoja akihesabu kipande chake cha dunia, na msimamizi katikati akiwamulika kwa taa wanaotangulia na wanaochelewa.

Mwaka 1950 kompyuta ya ENIAC huko Marekani ilitoa utabiri wa saa 24 kwa muda wa saa 24 hivi. Richardson alipata habari hizo kabla ya kufariki tarehe 30 Septemba 1953.

Sisi wa Mbinga wazo lake si geni. Katika ngokela, shamba la mtu mmoja hulimwa na wengi. Ndivyo ulivyo mradi wa climateprediction.net, ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha Oxford kwa umma mwaka 2003. Mtu anaweka programu kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Kompyuta isipokuwa na kazi, inachukua kipande cha hesabu, inakikokotoa, kisha inarudisha jibu kwa intaneti. Mwaka 2019 mradi mwingine, wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, ulitumia kompyuta za wanaojitolea kukokotoa mvua za Afrika kusini mwa Sahara, kwa vipande vya kilomita 1.

Anayejitolea hulipa umeme na bando kutoka mfukoni mwake, basi apime uwezo wake kwanza. Lakini ajue kwamba kompyuta yake, hata ikiwa moja, inakalia kiti kimoja katika ule ukumbi wa Richardson.